Kuku Aliyewika Mchana

Mara ya kwanza kumsikia nilikuwa nimeinama mlangoni mwa banda na kopo la pumba mkononi. Ndiyo kwanza kulikuwa kunapambazuka. Sauti ilitoka mbovu, imekwaruza, kama mtu anayeita jina la mwenzake huku amebanwa na kikohozi. Nikadhani ni jogoo wa nyumba ya pili. Nilipoinua macho nikamwona tetea wetu tuliyemwita Afande juu ya fito, amenyoosha shingo, mdomo wazi, jicho amelifumba nusu. Akawika tena mbele yangu.

Banda letu halikuwa na jogoo. Lilikuwa na matetea watupu, ndivyo tulivyouziwa.

Kopo lilinidondoka. Nilishika tumbo kwanza, ndipo nikamshika yeye.

Kwa ukoo wa mume wangu kuku jike akiwika ni uchuro, na jambo hilo halina majadiliano. Wanasema ameona kitu ambacho wenye nyumba bado hawajakiona, na kitu chenyewe ni msiba. Anachinjwa, nyama yake hailiwi, inafukiwa. Kisha yule aliye dhaifu kuliko wote nyumbani anaondolewa, anapelekwa mbali kwa ndugu, ili msiba ukija usimkute.

Nyumba yetu ya Kawe, upande wa Ukwamani, ilikuwa na watu watatu: mie, mume wangu Romani, na mama yake. Mie nilikuwa na mimba kubwa, imeshashuka, miguu imevimba mpaka kandambili za Romani ndizo zilizonitosha. Hapakuwa na haja ya kuuliza dhaifu ni nani. Na mbali kwa ndugu maana yake ni Masasi, siku nzima kwenye basi.

Wiki ileile nesi wa kliniki alikuwa amenibonyeza kidole gumba kwenye ugoko. Alipokitoa pakabaki shimo. Alilitazama lile shimo, akaitazama kadi yangu, akaona palipoandikwa kwamba mtoto wetu wa kwanza nilimzaa mwaka jana akiwa amenyamaza. Mama mkwe alikuwepo, amekaa kwenye benchi pembeni yangu. Nesi akatuambia sote wawili kwamba presha inapanda, na ikiendelea hivi itakuwa kifafa cha mimba, ambacho kinaondoka na mama na mtoto. Nisiende mbali na hospitali. Basi la safari ndefu nisilipande hata kwa harusi ya ndugu wa tumbo moja. Kichwa kikiniuma sana, au nikianza kuona vimulimuli, nisingoje mtu amalize kula, nije.

Kwa hiyo nilijua nimesimama wapi asubuhi ile, na kuku kifuani. Afande akiwa jogoo, nitabaki. Akiwa jike, nitapandishwa basi, na nikipandishwa sijui kama nitashuka mwenyewe. Ubaya zaidi ni kwamba uchuro na mie nilikuwa nauamini. Nimelelewa nao. Nilikuwa nimemshika yule kuku na moyo wake unapiga haraka kama wangu, nikawa najiuliza ameona nini.

Vifaranga tulivinunua Mbezi Beach, kwa mama mmoja Mhindi anaitwa Sherbanu, ambaye wateja wake wote wanamwita Mama Zoya kwa jina la binti yake. Mashine zake za kutotolesha zipo kwenye banda la magari la nyumba yao, na mlango ukifunguliwa unapigwa na joto usoni kama umefunua sufuria. Tulikwenda mimba ilipoanza kuonekana. Mama mkwe alitaka kuku wa Malawi, wale weusi wakubwa, na alitaka matetea tu, ili nikijifungua mayai yawepo. Alisema mzazi wa safari hii atakula mayai mpaka aombe msamaha.

Nilisimama kumwangalia binti mfanyakazi wa pale. Anakigeuza kifaranga, anatazama chini ya mkia kwa kitaa kidogo, huyu kapu hili, huyu kapu lile, haraka kama anachambua mchele. Mama Zoya akatuambia kosa mojamoja linaweza kutokea, vifaranga vya siku moja vinadanganya. Mie nililisikia hilo. Mama mkwe alikuwa ameshaanza kuvihamishia kwenye boksi letu.

Wote walikua weusi. Lakini mmoja alikua kivyake. Shingo ndefu, miguu ya njano wakati wenzake ni ya kijivu, na kifua amekibeba juu. Alikuwa anatembea taratibu katikati ya wenzake, anasimama, anamtazama mmoja mmoja, na anayetazamwa anainamisha kichwa. Romani, ambaye ni mchonga vinyago pale Mwenge na jicho lake linaona maumbo haraka, akasema huyu ni afande anakagua gwaride. Jina likashika.

Jioni mama mkwe alikuwa anapita kuwakagua panga zao. Tetea akikaribia kutaga upanga wake wa kichwani unakuwa mwekundu, unasimama. Jogoo upanga wake hutokea mapema na mkubwa. Wale wa Malawi wakawa wanaiva mmoja baada ya mwingine. Afande kichwani alikuwa na kitu kidogo tu, kama punje tatu za mtama zilizobanana. Mama mkwe akasema huyu ni jike lililochelewa, mwacheni. Hapakuwa na aliyebisha.

Baada ya asubuhi ile nilianza kumficha. Kuku hawezi kuwika bila kunyoosha shingo, hilo nilikuwa nalijua toka utotoni, kwa hiyo jioni nilimweka kwenye boksi fupi la karatasi lenye tundu za hewa, lililobaki la vifaranga, nikafunika gunia. Alfajiri, kabla mama mkwe hajashika rozari yake, nilikuwa nimeshafika bandani, nimekaa kwenye tofali, mkono juu ya gunia. Alikuwa anafurukuta ndani, nasikia kucha zikikwaruza. Wakati mwingine sauti ilikuwa inaanza, nabonyeza gunia, inafia kooni. Romani aliniuliza kwa nini siku hizi nalala kidogo. Nikamwambia mtoto anapiga teke. Hilo halikuwa uongo.

Mchana sikumfunika. Sikufikiria mchana.

Siku hiyo mama mkwe alikuwa uani anatwanga kisamvu. Jirani yetu Herieth alikuwa upande wake wa ukuta anaanika nguo, wanapiga soga bila kuonana, kuhusu mtu fulani aliyeoa mara ya pili kwa siri na mke mkubwa akapewa kadi ya mwaliko kwa bahati mbaya. Mie nilikuwa nimekaa kwenye ndoo niliyoipindua, nachambua maharage. Afande akaruka juu ya rundo la matofali, pale ambapo kila mtu anaona, akanyoosha shingo.

Hakukwaruza safari hii. Alikuwa amejifunza. Alitoa sauti ndefu, safi, ikaenda mpaka barabarani.

Mchi ulibaki juu hewani.

"Bibi Adelina," Herieth akasema kutoka ng'ambo, bado anacheka ya kadi, "mmenunua jogoo na hamkaribishi watu?"

"Hatuna jogoo," mama mkwe akajibu.

Nilisikia Herieth anaokota vibanio vyake, kisha mlango wake ukafungwa. Nguo nusu zilibaki kwenye beseni.

Mama mkwe aliuweka mchi chini, akajifuta mikono kwenye kanga, akamtazama Afande, halafu akanitazama mie. Hakuwa mtu mkali. Alikuja Dar baada ya kumzika mjukuu wake, akasema hatarudi kijijini mpaka abebe mwingine, na toka siku hiyo alikuwa ananifulia hata nguo za ndani. Kama angekuwa mkali ningejua pa kusimama. Alikuja, akaniwekea mkono kichwani.

"Ameanza leo?" akaniuliza.

Nikamwambia ndiyo, mama.

Romani aliporudi na vumbi la mpingo kichwani, mambo yalikuwa yameshaamuliwa. Begi langu lilikuwa kitandani limefunguliwa. Mama mkwe alimweleza bila kupandisha sauti. Jumamosi tunaondoka, yeye na mie, kwa dada yake Masasi, nitajifungulia kule, kuna zahanati na kuna wakunga. Kuku atachinjwa asubuhi ile ile ya kuondoka, kwa sababu akichinjwa na mlengwa bado yumo ndani ni kazi bure. Mwaka jana, akasema, hatukusikia dalili yoyote, au ilikuwepo tukaipuuza. Safari hii tumepewa.

Romani akasema nesi alikataza safari. Alisema mara moja, akiwa anaangalia mikono yake.

Mama yake akamjibu kwamba mwaka jana pia tulikuwa karibu na hospitali, karibu kabisa, na tulirudi na nini.

Mie kwa kawaida siongei wanapoongea watu wa ukoo. Lakini niliona Romani anavua viatu taratibu, kama mtu aliyeshakubali, na nikaona zipu ya begi.

"Mama," nikasema, "kama ni jogoo je?"

"Jogoo asiye na upanga? Mwanangu."

"Yule hafanani na wenzake. Miguu yake, shingo yake. Mie namwangalia kila siku. Kama siye Malawi, hatujui upanga wake unatakiwa uweje."

Mama mkwe ni mtu wa haki, hata kwa jambo linalomtisha. Akasema sawa, nimtafute mtu anayejua kuku, amtazame mbele yake, hapa uani. Akisema jogoo, yeye atafunga mdomo na begi litarudi chini ya kitanda. Akisema jike, nitapanda basi na sitaleta maneno.

Nikasema sawa. Baada ya kusema ndipo nikaona nimejifunga.

Asubuhi nilimtia Afande kwenye kikapu, nikachukua bajaji mpaka Mbezi Beach. Mama Zoya alitoka na miwani kichwani, akaniona nilivyovimba, akaleta kiti kabla sijamwamkia. Alimtoa Afande kikapuni kwa mikono ya mtu aliyezoea. Afande akamtazama kwa jicho moja, halafu jingine.

"Huyu si Malawi," akasema. "Huyu kuchi, wale kuku wa kupiganisha. Pengine amechanganya, lakini kuchi."

Alikumbuka. Kuna watu wanamleteaga mayai yao kutotoleshewa, na mwezi ule kulikuwa na mayai ya kuchi kwenye mashine moja na ya Malawi. Kuchi mweusi akiwa wa siku moja, nani atamjua kati ya weusi wenzake? Aliomba radhi, akasema atanipa Malawi wawili badala yake na huyu nimwachie. Nikamwambia sitaki Malawi, nataka kujua ni jike au dume.

Alimgeuza, akamchunguza muda mrefu. Nilikuwa nauangalia uso wake kama ninavyouangalia uso wa nesi anaposoma kipimo.

"Malawi ningekwambia nikiwa nimefumba macho," akasema mwisho. "Kuchi mimi siwezi kukudanganya. Upanga wao mdogo, dume na jike, wote. Jike yao inasimama kama dume. Tafuta mtu wa kuchi, ya kweli, anayefuga."

Aliuliza kwa nini nina haraka. Nilimweleza. Nilidhani atacheka, lakini hakucheka. Akasema bibi yake naye alikuwa na mambo yake kuhusu paka. Akanifungia andazi kwenye karatasi, akamwambia dereva wa bajaji apite taratibu kwenye matuta.

Njiani nilikuwa nimekishika kikapu juu ya tumbo. Kwa hiyo upanga haukuwa ushahidi. Hilo lilikuwa jema. Lakini haukuwa ushahidi kwa upande wowote.

Mtu wa kuchi alipatikana Mwenge penyewe. Romani alikuwa na mwenzake wa kuchonga anaitwa Valerian, anaishi Segerea, kwao wanafuga kuchi toka enzi za baba yake, na jogoo wake wanajulikana kwa majina. Alikuja Ijumaa jioni, jua bado lipo. Tiketi zilikuwa zimeshakatwa. Begi lilikuwa mlangoni limefungwa, na kisu kilikuwa kimenolewa, kimelazwa juu ya mfuniko wa ndoo.

Valerian ni mtu wa maneno. Alimwamkia mama mkwe shikamoo, akaitikiwa marahaba, akakaribishwa kiti, akakataa. Akachuchumaa mbele ya Afande.

"Afande, habari za kazi. Naomba kitambulisho."

Romani alicheka peke yake, akaacha.

Mie ndiye niliyemshika kuku. Mama mkwe alisimama nyuma yangu, nasikia punje za rozari zinagongana. Valerian alipapasa mguu, nyuma, juu ya kidole, akitafuta kile kijino kigumu ambacho jogoo hupigania. Kilikuwepo, kidogo kama punje ya mchele. Akatikisa kichwa juu chini. Akafungua manyoya ya kiunoni, pale yanapoangukia mkia. Mengine yalikuwa na ncha, mengine ya mviringo. Akayalaza tena. Akapitisha mkono chini, chini ya mkia, kwenye ile mifupa miwili.

Hapo mkono ulisimama.

Mie naijua ile mifupa. Dume imebanana, hata kidole kimoja kinapata tabu. Jike anayekaribia kutaga inaachana. Nilikuwa nimeinamia mkono wake, na niliona vidole viwili vikaingia sawasawa, bila kulazimisha.

Valerian hakuinua kichwa. Macho yake yalikuwa chini, na kilichokuwa chini mbele yake ni miguu yangu, ndani ya kandambili za Romani, haina vifundo wala mishipa, kama miguu iliyochongwa ikaachwa kabla haijakamilika. Aliitazama kidogo. Kisha akasimama, akajipangusa magoti.

"Mama," akamwambia mama mkwe, "hili ni jogoo. Kuchi huchelewa. Upanga wake ndio huo huo, hautakua, msiungoje."

Mama mkwe akauliza ana hakika.

"Wewe ungemuuliza Romani kama mpingo ni mpingo?"

Mama mkwe alikaa kwenye kile kiti ambacho mgeni alikikataa. Alikaa kama mtu aliyekatwa kamba. Akasema ashukuriwe Mungu, akasema tena na tena, halafu akainuka akaenda kuchukua begi mlangoni, akalipeleka ndani mwenyewe. Nilisikia zipu inafunguliwa. Romani akaenda kununua soda.

Nilimsindikiza Valerian mpaka getini. Alikuwa ameacha utani.

"Sista, mie nimesema nilichosema. Kuchi jike linaota kijino pia."

"Nimeona vidole vyako," nikamwambia.

Akatazama barabarani. "Basi kliniki usikose. Na siku akitaga, uwahi wewe."

Toka hapo sikupata raha hata ya kukaa. Mwanzo nilikuwa naogopa sauti, na sauti unaisikia. Yai linakuja kimya. Nilikuwa naingia bandani nikitoka chooni, nikitoka jikoni, nikiwa sina sababu yoyote. Mayai ya Malawi ni ya kahawia, yanafanana kama watoto wa shule moja. La kuchi lingekuwa jeupe, na mama mkwe ndiye aliyekuwa anaokota mayai kila siku na kuyapanga kwenye trei kwa ajili yangu. Nikamwambia niachie mie niokote, nijinyooshe mgongo. Akasema nisiiname. Nikainama hivyohivyo.

Afande sasa alikuwa anawika atakavyo. Alikuwa ameruhusiwa. Kila akiwika mama mkwe anasema jogoo wetu huyo, kama mtu anayejiambia mwenyewe, na Herieth alirudi kuanika nguo upande ule ule. Mie nikisikia naganda. Usiku nilikuwa naweka mkono tumboni nangoja teke, na teke likichelewa nilikuwa nafikiri: alimwona nani? Mie ndiye niliyeuacha uchuro ubaki uani unapewa pumba. Kama kuna msiba ulikuwa unatafuta mlango, niliufungulia ili nisipande basi. Halafu nalikumbuka lile shimo kwenye ugoko. Nilikuwa naogopa huku na huku, na katikati hapakuwa na nafasi ya kulala.

Kichwa kilianza kuniuma asubuhi, juu ya macho. Nikanyamaza, nikidhani ni kukosa usingizi. Kufika mchana kilikuwa kinagonga. Nilikuwa nimejilaza chumbani niliposikia kelele bandani. Si kuwika. Ni ile kelele ya kuku anayetangaza yai, kokoko ndefu, na sauti niliijua, ilikuwa nzito kuliko ya Malawi yeyote.

Niliinuka. Ukuta ukasogea, nikaushika. Uani jua lilikuwa limejaa, na ndani ya jua kulikuwa na vitu vidogo vinang'aa, vinapanda na kushuka, nikavipangusa usoni kama inzi. Havikutoka. Nilikwenda nikishika kamba ya nguo, kisha ndoo, kisha mlango wa banda.

Mama mkwe alikuwa ameshafika. Amechuchumaa mbele ya kiota. Afande amesimama pembeni yake, bado anapiga kelele, na kwenye kiganja cha mama mkwe kulikuwa na yai dogo, jeupe, lina mstari wa damu, kama yai la kwanza linavyokuwa.

Tulitazamana. Yule mama amefuga kuku miaka mingi kuliko umri wangu.

Nilifungua mdomo nimwambie tu ukweli, kwamba nilijua toka Ijumaa ile. Kilichotoka ni kingine. Nikamwambia, "Mama, naona vimulimuli."

Uso wake ulibadilika. Alikuwa kwenye benchi siku ile, alimsikia nesi. Alinitazama usoni, na nadhani ndipo alipouona uso wangu ulivyokuwa, kisha akaitazama miguu yangu, kisha lile yai. Alikaa hivyo, amechuchumaa, yai mkononi, muda ambao kwangu ulikuwa mrefu mno. Midomo yake ilikuwa inakwenda bila sauti. Kama angesema neno jike, ingebidi achinje, na akichinja ingebidi niondoke, na tungesimama pale uani tunabishana kuhusu Masasi mpaka nianguke.

Sauti ya Herieth ikaja juu ya ukuta. "Bibi, huyo jogoo wenu leo anatetea? Au kataga?"

Mama mkwe akaliingiza yai kwenye pindo la kanga kiunoni, akalifunga.

"Ametaga Malawi," akajibu. "Jogoo anashangilia tu, hana kazi. Herieth, mwanangu, niitie bajaji, upesi. Recho haoni vizuri."

Kwenye bajaji alinishika mkono na kucha zikaingia. Tulipokata kona Afande akawika nyuma yetu, sauti ndefu ile. Mama mkwe hakugeuka. Aliushika mkono wangu zaidi, akamwambia dereva asiogope matuta, apite.

Hospitalini nesi alifunga kile kitambaa cha presha mkononi, akatazama, akatoka mbio. Nilipokuwa nalazwa kwenye kitanda cha magurudumu nilimwona mama mkwe amesimama mlangoni ambapo wamemzuia. Kanga yake ilikuwa imelowa ubavuni, njano, inachuruzika mpaka kwenye goti. Alikuwa amelibana yai mpaka limepasuka na mwenyewe hajui. Alikuwa ananitazama mie tu. Nikataka kumwonyesha, mkono ukakataa kuinuka, na mlango ukafungwa.

Walinipasua jioni hiyo. Mtoto ni wa kike, alilia, na mie nikamsikia. Madaktari walisema tungechelewa kidogo ingekuwa habari nyingine.

Yai lile halijawahi kutajwa. Yanayofuata mama mkwe anayaokota mwenyewe kabla sijaamka, na kwenye trei yangu sijaona jeupe hata moja. Mtaani Afande ni jogoo. Romani mpaka sasa anamsifu Valerian kwa jicho lake.

Ila Afande akiwika mchana, mama mkwe huacha anachofanya. Kama ni mchi, anauweka chini. Anaingia chumbani kwangu bila kubisha, anamwekea mtoto mkono kifuani, anangoja kifua kipande na kushuka, kisha anatoka. Akifika hukuta mkono wangu umeshatangulia.